Kipaza Sauti na Nduguze: Historia ya Majina ya Vyombo vya Burudani Viwanjani, Karagwe na Kyerwa

Miongoni mwa sentensi zinazowasumbua wafasiri wa maelezo ya vyombo vya umeme, iko moja ambayo hurudi karibu katika kila kijitabu kinachofungwa pamoja na chombo cha muziki. Humwonya mnunuzi asikielekeze chombo cha kusemea upande wa chombo cha kutolea sauti, kwa sababu sauti itazunguka kati ya viwili hivyo hata ipige mluzi mkali wa kuumiza masikio. Mfasiri akitafuta jina la chombo cha kwanza hukuta kwamba ni kipaza sauti. Akitafuta la cha pili, nacho pia ni kipaza sauti. Basi huandika: "Usielekeze kipaza sauti kwenye kipaza sauti." Kwa sarufi sentensi hiyo haina ila. Kwa aliyenunua chombo, haina msaada.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi hali hiyo ilivyotokea. Hoja yetu ni kwamba jina hilo lilizoeleka wakati chombo kilipokuwa mali ya serikali, chama au dhehebu, kikifika kijijini kikiwa kizima juu ya gari na kuondoka kikiwa kizima. Leo chombo hicho ni mali ya kaya na hununuliwa kipande kipande, lakini jina halikugawanyika pamoja nacho. Tumechagua kuifuata historia hiyo katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ambazo zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 2012. Ziko mbali na Dar es Salaam, zimepakana na Uganda na Rwanda, na maneno yanayotumiwa huko yametoka pande nyingi. Yanayoonekana huko huonekana kwingineko pia, ila huko huonekana wazi zaidi.

Kwanza hatuna budi kufafanua mahali penyewe. Maandishi ya kigeni juu ya burudani za nyumbani huzungumzia eneo la nyuma ya nyumba, na wafasiri wetu aghalabu huandika uani. Kwa mtu wa pwani, uani ni mahali pa jiko, pa kisima na pa faragha ya wanawake. Mgeni wa kiume hapiti huko akiwa na sahani ya pilau mkononi. Karagwe na Kyerwa nyumba husimama ndani ya shamba la migomba, ambalo wenyeji huliita kibanja. Nyuma ni jiko na migomba, na wageni hupokelewa mbele, kwenye eneo lililofagiwa. Huko ndiko turubai linakofungwa siku ya sendofu, ya ubarikio au ya msiba. Kiswahili kinalo neno uga, lenye maana hasa ya uwanja ulio mbele ya nyumba, na lingefaa sana. Lakini mtu akiandika "burudani za ugani" msomaji atamtazamia afisa wa kilimo aje na mbegu za maharage. Akiandika "uwanja wa nyumbani" msomaji atauliza timu ya wageni imetoka wapi. Kwa hiyo humu tutasema kiwanja, na msomaji ajue kwamba ni kile cha mbele ya nyumba.

Kiwanja hicho kilikuwa na sauti zamani kabla ya umeme. Speke na Grant, waliofika Karagwe mwishoni mwa mwaka 1861 na kupokewa na Mukama Rumanyika, walikuta ngoma nyingi za ufalme zikipigwa barazani kwa mfalme mwezi ulipoandama. Ngoma hizo hazikuwa burudani peke yake. Zilikuwa tangazo: aliyekuwa mbali na asiyeona kitu alijua kwa kusikia tu kwamba mfalme yupo na mwezi umeonekana. Kazi ya kupaza, yaani kuifikisha sauti mbali kuliko kinywa kinavyoweza, ilikuwa tayari ina chombo na ina wenyewe.

Kando ya ngoma ilikuwako enanga, ala ya ubao wenye mbonyeo mfano wa sinia refu, ambayo uzi wake hupitishwa huku na huko juu ya mbonyeo huo, na ambayo mpigaji huimbia tenzi za mashujaa. Kinyambo, kama Kihaya na Kinyankole, hutanguliza irabu mbele ya nomino, hivyo ngoma ni engoma. Mfasiri akiiondoa irabu hiyo katika enanga, kama ilivyo desturi, atabaki na nanga, na msomaji wa Mombasa au Kilwa ataiona meli. Wengine huandika zeze, nalo si sahihi, maana zeze lina mkono na kibuyu. Tunaona ni afadhali enanga iingie katika Kiswahili na irabu yake. Lugha za Kagera zimekwisha kukifaa Kiswahili kwa jambo kubwa zaidi: istilahi ngeli, ambayo kila mwalimu wa sarufi huitamka kila siku, imetokana na Kihaya, ambako maana yake ni aina ya kitu.

Chombo cha kwanza cha kigeni kuingia kiwanjani na kuimba chenyewe kilikuwa gramafoni. Kiswahili kilikipokea kwa neno lililokuwako, kinanda, ambalo kwanza lilikuwa la ala za nyuzi na baadaye likapewa ala nyingi za Wazungu. Gramafoni ikaitwa kinanda cha santuri. Twaona hapo tabia ambayo itarudi mara kwa mara: watu hawakujali chombo kinafanyaje kazi ndani yake. Waliangalia nafasi yake kiwanjani. Kilichokalia nafasi ya kinanda kiliitwa kinanda.

Redio haikupata jina la kienyeji, wala hatudhani kwamba ilihitaji. Matangazo ya Sauti ya Dar es Salaam yalianza mwaka 1951. Shirika la utangazaji la Tanganyika liliundwa mwaka 1956, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Katika miaka hiyo redio ya transista ilikuwa kitu cha wachache. Mwenye kuwa nacho alikiweka dirishani au juu ya kiti kiwanjani, na majirani wakaja. Betri zake, ambazo wengi waliziita mawe, zilianikwa juani zilipochoka ili zipate nguvu ya kumalizia taarifa ya habari. Kusikiliza redio pamoja kulifanywa kuwa mpango wa taifa katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni 2 nchini kote walijiunga katika vikundi vya kusikiliza na kujadili. Mkoa wa Kagera wakati huo uliitwa Ziwa Magharibi. Tunalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha kwamba istilahi haikuleta shida pale chombo kilipokuwa kimoja. Redio ilikuwa na sikio lake, kikuza chake na kinywa chake ndani ya sanduku moja, na sanduku zima likaitwa redio. Hakuna aliyelazimika kujua kilichomo isipokuwa fundi.

Kipaza sauti kilifika vijijini kwa njia hiyohiyo ya ukamilifu. Kilikuwa gari. Juu ya gari palifungwa tarumbeta za bati. Ndani yake palikuwa na mtambo uliokula betri ya gari, na mkononi mwa msemaji palikuwa na kitu cha kusemea. Mwanakijiji aliyesikia kwamba kesho patakuwa na mkutano na kipaza sauti kitakuwapo alielewa gari, tarumbeta, mtambo na kile cha mkononi, vyote kwa pamoja. Jina lilikuwa zuri sana. Limetokana na kitenzi kinachojulikana, linatamkika, na linaeleza kazi. Kama linavyo kosa, ni kwamba lilieleza kazi ya mfumo mzima, na kila sehemu ya mfumo ikawa na haki ya kulidai. Aliyeona cha mkononi alikiita kipaza sauti. Aliyeona tarumbeta naye aliziita vipaza sauti. Kamusi zilifanya wajibu wao zikaandika walivyosema wote wawili.

Picha zilichelewa. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo hata mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza. Kilichoanza kuleta picha viwanjani ni video. Wauzaji na watumiaji hawakuuliza mtu. Mashine ya kuchezeshea kanda waliiita deki, na deki ikabaki kuwa deki hata kanda zilipotoweka zikaja diski. Hapa tena nafasi ilishinda umbo.

Mwenye deki na jenereta alijenga kibanda, akatoza kiingilio. Neno hili lina safari ya kufurahisha. Banda na kibanda ni maneno ya Kiswahili ya kawaida kabisa, ya kufugia kuku au kuuzia nyanya. Uganda waliyachukua, na majumba yao ya kuonyeshea video wakayaita bibanda, wingi ukiwa umefuata sarufi ya lugha zao. Upande wetu, watu wa mjini waliongeza neno la kukejeli wakapata kibanda umiza, kwa ajili ya mabenchi, joto na msongamano. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 haikujua maneno hayo, na nyaraka za ofisini huandika mabanda ya kuonyeshea video. Hatuoni ubaya. Maofisa wana lugha yao na watazamaji wana yao, mradi zote mbili zielekeze kwenye nyumba ileile. Ndani ya vibanda hivyo pia ndimo ilimokulia kazi ya mtu anayeifasiri filamu kwa sauti yake, akiifunika ile ya waigizaji. Dar es Salaam ilimjua Lufufu, na Waganda wana wao wanaowaita vijei. Hao ni wafasiri wenzetu, ingawa hatujawahi kuwaalika kwenye semina.

Kilichobadili kiwanja kikawa na vyombo vyake chenyewe ni nguvu za umeme na fedha za kahawa. Karagwe ina nafasi ya pekee katika jambo hili. Katika miaka ya 1990 shirika la KARADEA liliendesha wilayani humo kituo cha kufundishia mafundi wa umeme wa jua, wakati ambapo sehemu kubwa ya nchi haikufikiri kwamba paa la nyumba lingeweza kuwa chanzo cha umeme. Nyumba iliyokuwa kilomita nyingi kutoka kwenye nguzo ya karibu iliweza kuwa na taa mbili na redio. Katika istilahi, watu walisema sola, nasi tulisema umemejua. Yote mawili yanaendelea kuishi, sola dukani na umemejua katika vitabu. Baadaye nguzo nazo zilifika. Kagera kwa miaka mingi imepata umeme wake kutoka Uganda, na siku hizi maji ya Mto Kagera yenyewe yanazalisha umeme katika mradi wa Kikagati na Murongo, wa megawati 14, mpakani mwa Kyerwa. Redio nazo zilisogea karibu. Redio Kwizera ilianzishwa Ngara mwaka 1995, na redio ya jamii ya FADECO ikaanza Karagwe mwaka 2007, ikisema habari za bei ya mazao na za mifugo. Msikilizaji aliyezoea sauti kutoka Dar es Salaam akasikia sauti ya wilaya yake.

Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ya televisheni ilianza kuzimwa, kwanza Dar es Salaam kisha miji mingine. Kwa mtunza istilahi tukio hilo ni la thamani, kwa kuwa ni nadra neno kuhitajika na taifa zima katika muda mfupi namna ile. Kisanduku cha kupokelea mawimbi ya dijitali kilihitaji jina, na yakaja mawili. King'amuzi kimetokana na kung'amua, yaani kutambua jambo lililofichika. Kisimbuzi kimetokana na kusimbua, yaani kufungua msimbo, na kwa kweli ndicho kinachoeleza kazi ya chombo kwa usahihi zaidi. Kisimbuzi hupendwa na ofisi, na mnunuzi wa Kayanga huomba king'amuzi. Tunaamini sababu ni nyepesi: kung'amua ni kitenzi ambacho mtu alikuwa nacho tayari, na kusimbua ni kitenzi alichopaswa kufundishwa kwanza. Bakuli la kunasia mawimbi lililo juu ya paa liliitwa dishi, na wengine wakaliita ungo. Ungo ni neno ambalo hakuna kamati ingeweza kulibuni likawa zuri kuliko lilivyo.

Sasa tutazame kiwanja cha Nkwenda, Isingiro au Omurushaka kinavyopangwa leo kwa sherehe ya kawaida. Chini ya turubai kuna meza ya fundi. Juu yake kuna simu yenye nyimbo, na kuna miksa, ambayo hupokea sauti kutoka kwenye simu na kutoka kwenye maiki mbili za mshereheshaji na za wazee. Kutoka hapo waya huenda kwenye amplifaya, na kutoka kwenye amplifaya nyaya nyingine huenda kwenye spika ndefu mbili zilizosimamishwa pembeni. Sabufa, ambayo hutoa mdundo wa chini, huwekwa ardhini. Mwenye nacho huongeza projekta na shuka jeupe ili waliokaa nyuma waone. Nyumba ndogo hutosheka na sabufa moja yenye spika zake mbili, iliyounganishwa na simu kwa Bluetooth bila waya wowote. Fundi kijana hutaja vyombo hivi vyote bila kusita, wala havichanganyi. Anayechanganyikiwa ni mfasiri wa kijitabu, mwalimu wa ufundi anayeandaa somo, na karani wa zabuni anayeagiza "vipaza sauti vinne" kisha akaletewa maiki nne zisizo na pa kutolea sauti.

Yuko pia mtumishi wa halmashauri. Kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zimewapa maofisa wajibu wa kuangalia ukubwa wa sauti katika makazi. Vibali vinavyotolewa kwa ajili ya sherehe na mikutano huandikwa kuwa ni vya kutumia kipaza sauti. Chombo cha mkononi hakijawahi kumnyima jirani usingizi kikiwa peke yake. Kinachomsumbua ni spika, idadi yake, wati zake na upande ilikoelekezwa. Mwenye sherehe anayeambiwa azime kipaza sauti saa sita usiku anaweza kuzima maiki ya mshereheshaji, akaacha muziki ukaendelea, na akasema kwamba ametii. Mabishano ya namna hiyo hayamalizwi na mgambo. Humalizwa na mwandishi wa kibali.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba chombo cha kusemea kiitwe maikrofoni, na maiki iruhusiwe katika mazungumzo. Amplifaya iitwe kikuza sauti, jina ambalo tayari linatumika. Chombo cha kutolea sauti kiitwe spika. Tunajua kwamba wako watakaopinga kwa sababu Bunge nalo lina Spika; tunajibu kwamba muktadha haujapata kumfanya mtu yeyote amfunge waya Mheshimiwa, na kwamba ngeli huvitofautisha: Spika amesimama, spika imesimama. Kipaza sauti kisitupwe. Kirudishiwe maana yake ya kwanza, ya mfumo mzima unaofikisha sauti mbali, kama ilivyokuwa enzi za gari. Hapo kibali kinaweza kusema "mfumo wa kipaza sauti wenye spika zisizozidi mbili" na kila mtu akaelewa. Kinasa sauti kiendelee kuwa cha kurekodia, kwani hakina ugomvi na mtu.

Limebaki suala la vyombo vinavyoitwa janja. Simu janja imekwisha kukubalika, ingawa baadhi ya waandishi hupendelea simu mahiri wakihofia kwamba ujanja ni hila. Hofu hiyo hatuishiriki. Mjanja katika Kiswahili cha leo ni sifa kuliko lawama, na chombo kinachotii amri kutoka chumba cha pili kina haki ya sifa hiyo. Linalotuhusu ni sarufi. Simu na taa ziko katika ngeli ambayo haibadilishi sifa hii, hivyo husemwa simu janja, taa janja, spika janja, na runinga nayo ikaungana nazo. Sasa wauzaji wanaandika "kifaa janja" na "king'amuzi janja", kana kwamba janja imekuwa mkia usiogeuka. Lugha haijaruhusu hayo. Ni kifaa kijanja, vifaa vijanja, king'amuzi kijanja, na mtambo mjanja, na mwalimu asiruhusu vinginevyo darasani.

Bluetooth ni jina la biashara lililotokana na jina la utani la mfalme wa Wadani wa karne ya 10, na anayelifasiri kuwa jino la buluu anafasiri utani bila kumjua mfalme. Libaki lilivyo katika maandishi. Midomo imekwisha kulifanya blutuu. Sabufa tunaiacha, maana ni neno ambalo limekwisha kujipatia wingi wake, masabufa, bila kibali cha mtu. Kwa miksa tumesikia kichanganya sauti, na hatujaridhika, kwa sababu mshereheshaji na mpiga kelele nao huchanganya sauti. Fundi wa Nkwenda huiita miksa, nasi kwa sasa tunaiita hivyo.